Kichwa Changu na Kilio cha Baba

Niseme mbele, ili tusichoshane: katikati ya kichwa changu hapana nywele, na haitaota tena. Mutu mwenye kutaka kuniletea mafuta, maombi, maji ya baraka ao vitunguu saumu ya kusugua, abaki nayo kwake. Nimesha sugua. Nimesha omba. Nimesha kunywa vitu ambavyo hata mbuzi ya Kipese, kijiji chetu, ingekataa. Kama ni huruma unaniletea, peleka kwa jirani, mimi niko na kazi.

Ile sehemu iko pa utosi. Ilianza ndogo, ikapanuka kwenda pembeni, na ngozi yake ni laini, inang'aa kama sahani iliyoisha kupanguswa. Batu banapenda kuniuliza ilianza lini. Bandugu bangu beko na jibu yao: ilianza siku tuliponyolewa kilio cha baba. Ni uongo. Lakini ni uongo ulioingia mu nyumba yetu, ukakaa, ukakula na sisi, na kidogo tu uharibu ndoa ya mudogo wangu. Njo maana naandika.

Bon. Mu familia yetu, muzazi akifa, kisha kuzika batoto bake bote banakaa chini mu kiwanja, na shangazi anabanyoa kwa wembe, kuanzia mukubwa. Kilio kinaanzia pale. Kinafungwa wakati nywele ya batoto bote imerudi. Shangazi anapitisha mukono juu ya kichwa cha kila mumoja, akiona nywele inashika vidole anasema, "Amekuachilia." Akisha kusema hivyo kwa bote, tunapika, tunakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na mambo ya furaha inaweza kurudi mu nyumba. Mbele ya pale, hapana ndoa, hapana sikukuu, hata kupaka ukuta rangi hapana. Na mwenye kushika wembe hanyolewi. Shangazi yetu, dada mukubwa wa baba, ndiye alikuwa anashika wembe kila kilio tangu mimi mutoto, na hakuna mutu aliyethubutu kumunyang'anya.

Baba alikufa mimi nikiwa ku Beni kununua mafuta ya mawese. Hiyo ni kazi yangu: natoa mafuta Beni, nauzisha Butembo, pale Vulamba, mbele ya nyumba yangu. Simu ilifika asubuhi, na barabara ilikuwa imefungwa, kama kawaida yake. Wenye kuishi huku banajua. Wenye haiko huku, siwezi kubaeleza. Nilikaa pa parking ya malori na machozi mu macho, nikiuliza kila dereva, na kila dereva ananijibu, "Mama, hata mimi nataka kufika." Nilipofika Kipese, baba alikuwa ameshalazwa mu udongo. Nilikuta maua imeanza kunyauka na batu banakula maharagi.

Shangazi aliniangalia kutoka juu mupaka chini. "Ah, umefika? Tulifikiri mafuta imekumeza."

Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyemunyamazisha pia. Akanikalisha wa kwanza, juu mimi njo mukubwa, akaanza kunyoa. Alipofika pa utosi, wembe ukasimama. Nilisikia vidole vyake vinagusa pale, polepole, vinazunguka. Kisha akaendelea kunyoa. Ningekuwa na akili siku ile ningejiuliza juu ya nini wembe ulisimama. Lakini nilikuwa namulilia baba, na makamasi inanijaa mu pua.

Sasa sikilizeni ukweli. Ile kitu ilikuwa imeanza zamani. Pale pa utosi palikuwa pananiwasha, kisha pananichoma, hasa jua likiwaka. Nikigusa, ngozi inauma kama kidonda, mais kidonda haiko. Musichana mwenye kunisuka pale Vulamba aliniambia, "Mama, hapa nywele inakatika, na inabaki kidogo." Nikamujibu: "Suka. Kaza. Weka meshi juu, nani atafungua kuangalia?" Akakaza. Kila mwezi defrizan ya kunyoosha nywele, kila mwezi meshi, nywele ya kununua, na vitambaa vya bei kali juu yake. Donc siku ya kilio wembe ulifunua kitu kilichokuwa kimesha kuwapo. Lakini nenda ueleze hivyo kwa batu wenye kuwa na jibu yao mu mufuko.

Nywele ya bandugu bangu ikarudi. Ya mudogo wangu wa kike ikarudi nzuri, nyeusi, nene. Yangu ikarudi pembeni, na katikati hapana. Shangazi akaweka mukono juu ya kichwa changu mbele ya bote, akautoa, akasema, "Huyu bado. Baba alimuita, hakuja. Hajamuachilia."

Basi. Kesi ikakatwa hivyo. Mimi mwenye kupeleka sukari na sabuni ku baba kila mara nilipopanda Kipese, mimi mwenye kulipa daktari wake, ndiye baba amekasirikia. Na bakaka bangu wenye kufika wakati wa mavuno tu, bale nywele yao imeota, bameachiliwa, bananenepa. Aka! Nikifikiria hata leo natamani kuvunja sahani.

Ningebaki na hasira yangu kimya kimya, mais mudogo wangu alikuwa muchumba. Mbuzi za mahari zilishapokelewa mbele baba hajafa, baba mwenyewe alizishika kamba akicheka. Kijana ni fundi wa kushona mu Butembo, mutu mupole, hata ukimukanyaga anakuomba pole. Ndoa ilikuwa inangoja kilio kufungwa, na kilio kilikuwa kinangoja kichwa changu. Kila juma, kisha misa, mudogo wangu alikuwa anapita kwangu. Hakai hata chini. "Yaya, nione." Ninainamisha kichwa, anaangalia, ananifunga kitambaa tena. Siku za kwanza alikuwa anasema, "Itakuja." Baadaye akaacha kusema. Siku moja akalia hapo nyuma yangu, machozi inaniangukia mu shingo, na mimi sikujua nimuombe musamaha kwa kosa gani.

Shangazi akaleta dawa yake. Aliteremuka mupaka Vulamba na wembe mu kitambaa na pilipili iliyosagwa na majivu. Akaninyoa tena, akapaka, akasugua. Weee! Nilipiga kelele mupaka wateja ba mafuta bakaacha bidon zao, madumu ya mafuta, na kukimbia. Shangazi ananikandamiza mabega: "Vumilia, ni hasira ya baba njo inatoka." Hasira ya baba gani? Ni pilipili! Nilikaa siku nyingi bila kulala upande wowote, na pale pa utosi palitoka malengelenge. Hiyo pilipili sijaisamehe, na sina mupango wa kuisamehe.

Lakini nitasema na hili, hata kama linaniuma: nami niliamini. Ukiambiwa kitu na batu bote wenye kukupenda, kinaingia tu. Nilikwenda peke yangu ku kaburi, nikakaa mu majani yenye baridi, nikasema, "Baba, barabara ilifungwa. Wewe mwenyewe unaijua ile barabara. Unanikasirikia nini?" Nikangoja kama mupumbavu. Mbuzi ya jirani ikaja kukula majani karibu ya muguu wangu. Nikarudi Butembo na moyo umeziba.

Ku Beni niko na rafiki, mama Muislamu, bwana yake eko na malori yenye kubeba mizigo yangu. Barabara ikifungwa nalala kwake. Siku moja tuko jikoni kwake tunachambua mucele, joto la Beni likanishinda nikafungua kitambaa, nikasahau. Akaacha mucele, akaniangalia kichwa.

"Dada, hiyo ni nini?"

Nikamueleza yote: baba, barabara, wembe, shangazi. Akanisikiliza mupaka mwisho, akatia mucele mu maji, akasema, "Baba yako alikuwa mutu wa kukasirika hivyo? Akiwa muzima alikunyima nini?"

"Hapana kitu."

"Sasa akufe ndiyo ajifunze ubaya? Hiyo ni ngozi. Vaa, twende. Kuna dokta wa ngozi amekuja kutibu batu huku, mwanamuke."

Nilienda nikinung'unika njia yote. Nilikuwa nimesha lipa batu wenye kusema ni choya, mapunye ya kichwa, wenye kusema ni damu chafu, na mumoja wa mu chumba cha maombi aliyesema ni nyoka. Sikuwa na nguvu ya kusikia munyama mwengine.

Dokta alivaa miwani, akawasha taa ndogo, akakaa nyuma yangu muda murefu. Aliuliza kama palikuwa panawasha, panachoma, panauma. Nikashangaa, juu hakuna mutu aliyewahi kuniuliza. Kila mutu aliniuliza nilifanya nini. Yeye aliuliza ninasikia nini. Kisha akachukua simu, akapiga picha ya utosi wangu, akanipa.

"Angalia hapa pembeni, penye nywele. Unaona vitundu vidogo? Kila unywele unatoka mu kitundu chake, na muzizi uko ndani. Sasa angalia katikati. Nitafutie kitundu."

Nikatafuta. Nikapanua picha kwa vidole. Hakuna. Ngozi tupu, imefungwa.

"Hiyo ni kovu, mama," akasema. "Ngozi yako iliwaka moto kwa ndani, polepole, pale penye muzizi. Pale moto ulipita, mwili uliziba na kovu. Batu banafikiri kovu ni lazima ukatwe. Hii inajifanya yenyewe, chini, bila damu. Na pa kovu nywele haioti. Haijalala, mama. Mizizi yenyewe imekufa."

"Hata kwa dawa?"

"Dawa ni ya kulinda ile imebaki. Nitakupa ya kupaka, na sindano ndogo pembeni, kuzima moto usiendelee. Acha defrizan, acha pasi ya moto, acha kusuka kwa kukaza. Lakini ile imekwenda, imekwenda. Sitakudanganya."

Ningepaswa kulia. Batu banalia wakiambiwa hivyo. Mimi nilimuuliza, "Na wembe?"

"Wembe unakata juu. Hii inatoka chini."

"Na baba?"

Dokta akasimamisha kalamu. "Baba gani?"

Nikacheka. Nilicheka mupaka rafiki yangu akaja kunishika bega, na mu kile kicheko njo machozi ikaja. Kwa mara ya kwanza tangu kifo chake nikamulilia baba bila woga, kama baba yangu tu, mwenye kushika kamba za mbuzi akicheka.

Nilipokuwa nasimama kwenda, dokta akaniuliza neno moja zaidi. "Hii kitu mara nyingi inapita mu familia. Chanzo chake chote hatujakijua, mais damu iko na sehemu yake. Mama yako, bashangazi, nani mwengine eko na kichwa kama hiki?"

Mama yangu alikufa na nywele yake yote, hiyo najua, mimi nilimusuka mara ya mwisho. Nikajibu hapana. Nikapanda lori kurudi Butembo, na mu lori, kati ya bidon, kichwa kinagonga-gonga ku bati, nikaanza kumufikiria shangazi. Nilimufikiria akioga mutoni na bamama bengine, kitambaa ku kichwa. Akilala mugonjwa, kitambaa. Akipewa kofia ya sufu juu ya baridi ya Kipese, anaivaa juu ya kitambaa. Na kila kilio, yeye na wembe. Mwenye kushika wembe hanyolewi. Kumbe! Nilisema kwa sauti mupaka konveyeri, musaidizi wa dereva, akageuka kuniangalia.

Mara nyingine hasira ni kitu kizuri, inakunyoosha mugongo. Nilifika kwangu sisikii hata njaa.

Juma lililofuata baba mudogo, ndugu wa baba, alituita Kipese. Upande wa kijana ulikuwa umechoka. Bajomba bake babili balikaa karibu na mulango, kofia mu mikono, bakasema kwa adabu yote kwamba kama ndoa haina siku, barudishiwe mbuzi, na kijana atafutiwe pengine. Mudogo wangu alikaa ku kona, uso umevimba. Shangazi alikuwa ametandika mukeka katikati ya nyumba. Wembe ulikuwa juu yake, na kibakuli. Nikasikia harufu ya pilipili toka mulangoni.

"Kaa," akaniambia. "Leo tunamaliza."

"Leo tunamaliza, kweli," nikasema, na sikukaa. Nikabaambia bote. Moto wa chini, vitundu, kovu. Nikapitisha simu na picha. Baba mudogo akaitazama, akampa kaka yangu, kaka yangu akampa mujomba wa kijana, kila mutu anageuza simu kama anatafuta kichwa kiko upande gani.

Shangazi hakuishika. "Kovu ya nini? Nani alikukata? Mutu akatwe bila kisu?" Batu bakacheka. "Huyo dokta wa Beni alimujua ndugu yangu? Alikuwa huku tukimuzika? Wewe mwenyewe hukuwa!"

Hapo njo aliponipiga. Alijua pa kupiga.

"Shangazi, toa kitambaa."

Shangazi akasukuma kibakuli pembeni.

"Unasema na nani?"

"Na wewe. Toa kitambaa, bandugu bote bakuone."

"Mutoto mwenye kuzaliwa na wazazi hasemi hivi," shangazi akasema, na mukono wake ukapanda kushika fundo. Mimi sikungoja. Nilipiga hatua, nikashika kitambaa, nikakivuta.

Kichwa cha shangazi kilikuwa kitupu toka juu ya paji mupaka nyuma. Kinang'aa. Nywele nyeupe kidogo ilibaki karibu na masikio tu. Ngozi ni ile ile ya picha, imefungwa, hakuna kitundu. Kaka yangu alishika kinywa. Bajomba ba kijana baliangalia chini, kama batu wenye adabu.

Nikageukia baba mudogo. "Nyanya yetu, mama yenu, alikufa mimi sijazaliwa. Mukamunyoa shangazi, si ndiyo? Haikurudi. Donc eko mu kilio mupaka leo. Sasa alioleka namna gani? Alizaa namna gani? Nani alimufungia kilio? Ao sheria ni ya kichwa changu tu?"

Baba mudogo alimuangalia dada yake. Ni mutu wa maneno machache, analima viazi na anazungumuza navyo zaidi kuliko na sisi. Akasimama, akakanyaga mukeka, akaokota wembe na kuutia mu mufuko. "Kilio cha ndugu yangu kimeisha," akasema. Kisha akabaambia bajomba, "Tupeni siku." Mudogo wangu akatoa sauti nikafikiri amechomwa, akakimbia inje, na bamama wa jikoni bakaanza kupiga vigelegele bila kujua bado ni juu ya nini. Mutu akatumwa kuchota kasiksi.

Shangazi alibaki juu ya mukeka. Hakufunika kichwa. Nilisimama mbele yake na kitambaa chake mu mukono, nikingoja anilaani, na nilikuwa na majibu tayari, mengine ya kuchoma kuliko pilipili yake. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima mu lori.

"Huyo dokta," akasema kwa sauti ndogo, "alisema si wembe?"

"Si wembe."

"Na si wafu?"

"Si wafu, shangazi. Ni ngozi. Iko mu damu yetu."

Akapapasa utosi wake kwa kiganja, kama mutu anayetafuta kitu mu giza. "Mimi niligombana na mama juu ya chumvi," akasema. "Kidogo tu, chumvi. Nilimujibu vibaya, nikaenda shamba, nikarudi nikakuta amekufa. Bakaninyoa, pa utosi haikurudi, nikaficha na kitambaa. Nikajua ni yeye. Kila asubuhi namuomba. Mbele ya Mungu, namuomba yeye kwanza. Nilizaa, nikamuomba. Nilizika bwana yangu, nikamuomba. Ananikatalia tu."

Akaniangalia. Macho ya muzee yule, tangu utoto wangu sijawahi kuyaona bila ukali.

"Kwa hiyo hakunikasirikia?"

Majibu yote niliyoyapanga ikanitoroka. Nilikuwa nataka kubaki na hasira yangu, nilikuwa na haki nayo, na hakukuwa pa kuiweka.

"Hapana, shangazi," nikasema. "Hakukukasirikia."

Shangazi akainama juu ya mukeka, akashika kichwa chake kitupu kwa mikono miwili, akaanza kumulilia mama yake. Alilia kwa sauti kubwa, akimuita kwa jina la utoto, kama mutu aliyeletewa habari asubuhi ile. Vigelegele vikakatika. Bamama bakatoka jikoni na miko mu mikono, bakasimama mulangoni, bakauliza nani amekufa.